Mgeni wa Mashine Pepe

Mlango ule hakuuchora yeye. Mjane aliuona kwenye ramani baada ya sala ya alasiri, mlango mwembamba mahali ambapo asubuhi palikuwa na ukuta mtupu. Akaufuta. Alipotoka kubandika chai na kurudi, aliukuta tena, na sasa ulikuwa wazi.

Ramani ilikuwa ya marehemu mumewe, mchoraji wa majengo. Alikufa hajaimaliza, na mkewe aliahidi kuimaliza. Kompyuta ya mume ilikuwa ya zamani, inazimika ovyo. Basi shemeji, mdogo wa marehemu na fundi wa vitu hivyo, akaihamisha nzima, pamoja na sauti ambazo kaka yake alijirekodi akipima viwanja, akaitia ndani ya kompyuta mpya ya Linux. Alieleza kwamba hiyo ni mashine pepe, kompyuta inayoishi ndani ya nyingine. Ya nje huitwa mwenyeji, ya ndani mgeni. Kulikuwa na programu mbili za kuchagua. Moja hutumika pale mezani tu. Nyingine huacha njia ya kuingilia kutoka mbali, hata kwa simu.

"Ya mezani inatosha, shemeji," mjane alisema. "Nani mwingine aingie?"

Fundi hakumtazama usoni. Alitania tu kwamba pepe na pepo ni mtu na ndugu yake, na mama mkwe akamkanya asichezee maneno kwenye nyumba yenye msiba.

Baadaye kioo cha kompyuta kiliandika kwamba mgeni anaomba kuingia. Mjane alilelewa kutomwacha mtu mlangoni. Akasema, "Karibu," akabonyeza kukubali.

Tangu hapo vitufe vilibonyea bila mkono. Chumba kilinuka kafuri, ileile ya siku ya kumwosha marehemu. Mistari ilijichora kwa mtindo wake, na mjane, Mungu amsitiri, hakumwambia mtu. Alifunga mlango. Akajipaka manukato, naye yumo edani. Mama mkwe alimsikia akicheka kama bibi harusi, akapita, na mjane alipomsikia akipita alijiona amevuliwa nguo sokoni.

Alipokuja kuitazama ramani vizuri, ikawa si jengo la mteja tena, ila ni nyumba yao wenyewe, chumba chake hapa na cha mama mkwe pale, na mlango ule mwembamba uko kwenye ukuta unaovitenga, na nyuma yake akasikia kucha zikikwaruza chokaa taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kitasa, na sauti ya mumewe ikataja urefu na upana wa kitanda alicholalia mjane, kitanda ambacho marehemu hakuwahi kukipima.

Akamwita fundi. Fundi alijaribu kila njia ya kumtoa mgeni, mashine ikagoma.

"Aliyemkaribisha ndiye amtoe," alisema kwa sauti ya chini. "Ufute vyote. Na sauti zake."

"Sitamsikia tena?"

"Huyo si kaka, shemeji."

Mama mkwe aliketi kizingitini akisoma dua, ushungi umemfunika hadi machoni. Mjane akalia, akasema, "Mgeni, toka kwangu," akafuta. Kioo kikawa cheusi. Harufu ikaondoka. Fundi akashusha pumzi, akamshukuru Mola.

Kisha simu ikaita ndani ya ushungi wa mama mkwe.

Dua ilikatika. Fundi akainamisha kichwa. Akakiri kwamba aliweka ile programu ya pili kwa siri, kwa kuwa mama yake alimwomba.

"Nilitaka kumsikia tu akihesabu hatua zake," mama mkwe alisema, machozi yakimtiririka. "Sikumuuliza kitu. Yeye ndiye aliyenijibu. Akaomba nafasi kwangu, humu simuni, nami nikamwambia, karibu mwanangu."

Simu iliendelea kuita. Fundi aliwasihi wasiipokee. Wanawake wale wawili hawakuthubutu kutazamana, na kila mmoja alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.