Nilitia Sahihi Kwamba Nimechoma

Nina miaka arobaini na mmoja, ni mjane mwenye watoto wawili, na nimechoka. Nalisema hilo mapema ili msingoje machozi mengi kutoka kwangu. Yalikwisha... Kilichobaki ni kisa hiki, nanyi wasomaji wenzangu mtanisamehe nikikisimulia polepole.

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa fundi wa maabara hapa Kisangani. Sisi tunaita labo. Kazi yetu ilikuwa kupima chakula cha sokoni: mahindi, karanga, unga wa muhogo, samaki wa moshi. Tulitafuta vijidudu, lakini zaidi tulitafuta sumu ya ukungu, ile inayozaliwa ndani ya karanga na mahindi yasiyokauka vizuri. Na huku kwetu kipi kinakauka vizuri? Mvua haina likizo. Mazao yanapanda mto kutoka pande za Yangambi siku nzima chini ya turubai, yanatoa jasho, na yakifika bandarini ukiingiza mkono gunia ni la moto.

Ukungu huo una hila. Karanga chache mbovu zinatosha kuharibu gunia zima, kwa hiyo huwezi kuchota konzi moja ukapima ukasema umemaliza. Ni lazima ununue ndoo nzima, uisage yote, uchanganye, ndipo uchote kijiko. Kijiko kile ndicho kinachopimwa. Je, ndoo iliyobaki inakwenda wapi?

Ilitakiwa kuchomwa. Profesa wetu, mzee mkali asiyejua kupandisha sauti, alikuwa na sheria moja: kilichoingia labo kinatoka kikiwa moshi. Nyuma ya jengo kulikuwa na pipa la chuma. Mifuko iliyokutwa na sumu ilibandikwa karatasi nyekundu yenye maandishi ya Kifaransa, *À détruire*, kisha mimi niliichoma na kutia sahihi kwenye daftari kwamba nimechoma.

Nilitia sahihi. Kuchoma ni habari nyingine.

Mniulize kwa nini. Nililelewa na mama aliyekula majani ya msituni wakati wa vita, mimi na kaka yangu tukimfuata nyuma. Tangu siku hizo mama hakuweza kuona chakula kikitupwa. Punje ikianguka aliinama, hata mgongo ulipoanza kumuuma. Nilipomweleza kwa mara ya kwanza kwamba kazini tunachoma karanga, aliweka mwiko chini akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Chakula hawachome, mutoto yangu," alisema. "Batu benye walikula majani hawachome chakula."

Kwa hiyo nilianza na mifuko mizuri, ile ambayo kipimo kilisema haina neno. Hapo hata leo sijilaumu sana. Karanga zilizosagwa tayari, unachanganya tu na majani ya fumbwa, watoto wanalamba sahani! Mama alinipokea mlangoni kwa kicheko. Majirani wa mtaa wetu, Mangobo, wakasema Solange amepata kazi, kila wiki analeta chakula kutoka ofisini. Nikavimba kichwa.

Kisha nikaanza kuchukua kabla majibu hayajatoka. Mwishowe nikachukua hata yenye karatasi nyekundu. Nilijiambia kwamba kipimo chetu kimewekwa na watu wa nchi zilizoshiba. Nilijiambia kwamba mama atachemsha sana. Mimi, niliyesimama sokoni mbele ya akina mama nikiwafundisha kwamba moto unaua mdudu lakini sumu ya ukungu hauiwezi! Niliwafundisha kwa picha, tena kwa mbwembwe, halafu napanda toleka narudi nyumbani nimepakata mfuko mapajani, baiskeli inanesanesa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miaka sita. Kuna jambo moja niliona na sikulifikiria. Mama alikuwa na sufuria yake ndogo. Sisi alitupakulia kutoka kwenye sufuria kubwa, yeye akajipikia pembeni. Nilipomuuliza alisema tumbo la mzee halitaki chumvi nyingi. Nikaridhika, maana jibu lilikuwa jepesi.

Halafu mama akaanza kukonda. Macho yakawa ya manjano, miguu ikavimba, na baadaye tumbo likajaa maji. Daktari alituambia ni saratani ya ini. Alisema mama alikuwa na virusi vya homa ya ini tangu zamani, bila kujua, kama watu wengi. Kisha akauliza swali ambalo bado nalisikia ninapoosha vyombo.

"Je, amekuwa akila karanga au mahindi yenye ukungu, kwa muda mrefu?"

Kaka yangu mkubwa, yaya Faustin, alikuwa amesimama kando yangu. Nilijibu mimi, kwa sababu mimi ndiye msomi wa familia. Nilisema hapana.

Lile "hapana" moja lilizaa mengine yote.

Yaya Faustin hakutaka kusikia habari za ini. Kwake yeye, tumbo la mama halivimbi bila mkono wa mtu. Alikwenda kwenye chumba cha maombi, akarudi na neno kwamba mkono huo uko karibu na chungu. Mkono karibu na chungu ulikuwa wangu! Lakini kaka alikuwa tayari amempata wa kwake.

Mama alikuwa na mdogo wake, mama mdogo Odile, mwalimu wa shule ya msingi. Mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, asiye na mtoto. Kwa miaka kadhaa alikuwa anakuja kila Jumamosi na chakula cha mama: lituma ya ndizi za kuponda na samaki, pondu ya majani ya muhogo, siku nyingine wali tu na mboga. Alimsimamia dada yake mpaka amalize. Mimi nilidhani ni upweke unamsumbua. Kaka akasema ndiye huyo, amekuwa akimlisha sumu kidogo kidogo.

Jumamosi iliyofuata alikuja na sufuria yake kichwani. Yaya Faustin alimsubiri barabarani, akaichukua, akaimwaga mferejini mtaa mzima ukiona... watu, watoto, wauza mkate.

"Tantine, fasi hii usikanyage tena," alimwambia. "Sumu yako ilitosha."

Mama mdogo alinitazama mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunitazama kwa hasira; alinitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu na hanyooshi mkono. Kisha akaokota sufuria yake tupu akaenda.

Kwa nini sikusema? Niliogopa kupoteza kazi. Niliogopa kaka. Zaidi ya hapo niliogopa mama asije akajua, kabla hajafa, kwamba aliyemuua ni yule mtoto ambaye yeye mwenyewe alimpokea mlangoni kwa kicheko. Nilijiambia nitasema akishapumzika. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilidhani msemo ule unawahusu wagonjwa tu.

Wiki zilizobaki mama alimuulizia mdogo wake kila siku. "Odile iko wapi? Anakasirika?" Tulimwambia amesafiri. Alikufa asubuhi moja ya mvua, bila kumwona. Kwenye matanga watu waliimba siku tatu, na mama mdogo hakuthubutu kukaribia. Vijana wa mtaa walirusha mawe juu ya bati lake, na wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao darasani kwake. Akafunga vitu vyake akavuka mto, akahamia Lubunga, ambako hakuna aliyemjua. Maneno yakavuka nyuma yake baada ya mwezi.

Nilikaa mwaka mzima hivyo. Nilienda kazini, nikachoma mifuko yote, kweli safari hii, nikisimama mbele ya pipa mpaka majivu yapoe. Ilinisaidia nini? Nilikuwa nafunga mlango wa zizi na ng'ombe wamekwishaliwa. Mwishowe nilishindwa kulala na kula, nikapanda mtumbwi nikavuka.

Nilimkuta mama mdogo Odile anasahihisha madaftari ya watoto wawili, wanafunzi pekee waliobaki kwake. Nilipiga magoti. Nilimwambia yote, mifuko, karatasi nyekundu, daftari, swali la daktari. Aliniacha nimalize. Halafu akafunika kalamu yake.

"Nilijua," alisema.

Sikuelewa.

"Mama yako hakujua kusoma Kifaransa. Siku moja aliniletea ile karatasi nyekundu, aliniuliza: Odile, hii inasema nini? Bon, nikamusomea. Inasema, ya kuteketezwa."

Mama mdogo alinieleza kwamba mama alimjibu kuwa mtoto wake amesoma, na kama kweli ni mbaya asingeileta nyumbani. Lakini kama ina ubaya, basi ubaya huo umwishie yeye. Watoto angewapikia karanga za sokoni alizochagua kwa mkono, moja moja. Za ofisini angekula mwenyewe. Kuzitupa hakuweza, na kunikatalia hakuweza pia, maana nilikuwa nafika na furaha.

Ile sufuria ndogo...

"Nilimubembeleza. Alikataa," aliendelea mama mdogo. "Aliniapisha nisikuambie. Alisema, usimuharibie mutoto furaha yake. Donc, nikaanza kumupikia. Nilisema, siku mi niko naye, asikule ile."

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya mwisho. Chakula ambacho kaka alikimwaga kama sumu kilikuwa ndicho pekee kilichomkinga mama na sumu yangu. Nilimuuliza kwa nini hakujitetea siku ile barabarani, mbele ya watu wote, akiwa anajua.

"Ningesema nini? Mutoto ya dada yangu ndiye aliua mama yake? Niliapa. Na weye ulikuwa pale mulangoni. Nikasema, atasema mwenyewe. Nilikungoja, Solange."

Wiki hiyo nilisema. Kwanza kwa profesa. Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, sahihi zangu zote, akasema hakuna kipimo duniani kitakachotaja ni mfuko upi uliomuua mama, kwa sababu ini lake lilikuwa tayari linaungua na mimi nilimwaga mafuta juu yake. Alisema pia kwamba kama niliweza kusema uongo juu ya moto, hawezi tena kuamini nambari hata moja niliyoandika. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo wa labo.

Kisha niliita familia. Yaya Faustin aliketi kwenye kiti cha mama. Nilieleza kuanzia pipa hadi sufuria ndogo, polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanawake wa sokoni. Nilitegemea anipige. Nilitamani anipige.

Alinihurumia. Alinishika bega akasema, "Dada, yule mwanamke amekukamata akili. Ulivuka kwake, ulikula kwake, sasa unarudi unajishitaki. Tutakuombea."

Wengine wakaitikia amina.

Wasomaji wangu, mnaelewa nilichokifanya? Nilikuwa na ukweli mfukoni siku ambayo neno moja lingetosha, nikauweka mpaka ukaota ukungu. Nilipoutoa, hakuna aliyeutaka. Kaka yangu hadi leo anaamini mama alilogwa, na sasa anaamini nami nimelogwa. Mama mdogo bado ni mchawi wa mtaa mzima, pande zote mbili za mto.

Nawasihi, hasa nyinyi mnaofanya kazi za kupima, kukagua, kutia sahihi. Kama umeandika kwamba kimechomwa, kichome. Usipeleke nyumbani kitu ambacho usingekiuza kwa jina lako. Wenye karanga na mahindi, kausheni juu ya turubai na si chini, chagueni kwa mkono, na zilizosinyaa na kuota ukungu msizisage mkidhani pilipili itaficha. Na mtu wenu akiumwa tumbo, kabla hamjamtafuta mchawi, chunguzeni chungu. Na kama mwenye kosa ni wewe, sema siku hiyohiyo, hata sauti ikitetemeka.

Mimi siku hizi nauza mkate na chai Mangobo. Kila Jumapili baada ya misa navuka mto. Mama mdogo Odile anatoa kiti nje, si ndani, anakiweka mlangoni kikitazama barabara, mahali ambapo kila anayetoka kanisani lazima apite. Ananipakulia lituma na samaki kutoka kwenye sufuria ileile iliyomwagwa, ina kibonyeo ubavuni. Watu wanapunguza mwendo. Wengine wanavuta watoto wao upande wa pili. Nami nakula.

"Kula polepole," ananiambia. "Batu bakuone."