Tegu Hana Macho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Getruda alifagia uwanja, akawamwagia kuku mtama, kisha akaenda kumtafuta nguruwe. Kazi hiyo ya mwisho aliichukia. Nguruwe wao alifunguliwa alfajiri ajitafutie chakula, na Getruda alijua pa kumkuta: vichakani, nyuma ya shamba la mahindi. Choo chao kilikuwa kimebomoka wakati wa masika, na tangu hapo watu wa nyumbani walijisaidia huko. Asubuhi moja alimkuta ameingiza pua kwenye uchafu, akitafuna kwa raha. Getruda alijiziba pua kwa sweta, akamswaga.

"Na huyu ndiye tutakayemla," alinong'ona.

Wiki hiyo shangazi yake, Letisia, alikuwa amekuja kijijini kwao, Endagikot, kwa ajili ya kipaimara cha Xavery, kaka yake Getruda. Shangazi alisomea sayansi chuo kikuu, na sasa alikuwa na kipindi redioni. Alitunga hadithi za kubuni za siku zijazo, kisha akaeleza sayansi iliyomo ndani yake. Getruda alizipenda mno, hasa ile ya roboti waliochunga ng'ombe.

"Shangazi, nitolee hadithi mpya," aliomba jioni moja.

"Chombo cha angani kilitua kwenye sayari ya barafu," Shangazi alianza. "Rubani alidhani yuko peke yake. Kumbe alikuwa na abiria. Abiria huyo hana mdomo wala macho. Amejishikiza kwa ndoano ndani ya utumbo wa rubani, anafyonza chakula chake, na kila siku anarefuka."

"Lo! Ni jini gani huyo?"

"Chombo na sayari nimebuni. Abiria yupo kweli."

Shangazi akatoa chupa mkobani. Ndani ya maji yake mlikuwa na kitu cheupe, chembamba, kirefu kama utepe, kimejikunja mara nyingi.

"Huyu ni tegu. Alitoka tumboni mwa mtu."

Getruda alikimbilia nje akatapika. Aliporudi, macho yalimjaa machozi. "Mimi nilidhani kazi yako ni roketi. Kumbe ni uchafu huu?"

"Kazi yangu ni kuwafikishia watu sayansi, mwanangu, hata ile inayonuka," Shangazi alijibu. "Hadithi inawafanya wasikilize. Kisha lazima niwaambie lipi nimebuni na lipi ni kweli." Akamweleza jinsi nguruwe anavyopata mayai ya tegu kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, na jinsi vilengelenge vinavyoota katika nyama yake, vyeupe kama punje za mchele. Anayeila kabla haijaiva vizuri hupata tegu tumboni.

Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, nguruwe alichinjwa. Mama na Shangazi walikuwa wamekwenda sokoni Mbulu mjini. Ndugu na majirani walikwisha kufika, Baba akiwapokea, na Mzee Hermani, jirani yao, alikuwa akichoma vipande vya kwanza.

Getruda alipewa beseni la nyama aioshe. Mkono wake ukagusa kitu laini. Akatazama. Punje nyeupe zilikuwa zimetapakaa kwenye nyama nzima. Alipobonyeza moja, ikapasuka, maji yakamrukia kidoleni. Akajipangusa kwenye majani mpaka ngozi ikamuuma.

"Shikamoo, babu," alisema mbele ya moto.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, nyama hii ina ugonjwa wa tegu!"

Mzee Hermani alicheka. "Hayo ni mafuta tu. Tumekula hivi tangu zamani."

Vijana nao wakacheka. Getruda alipandwa na hasira. Akaona awatishe.

"Mategu wana macho mekundu! Usiku wanatoka puani na kuwaingia watoto masikioni! Yule wa Shangazi alinikodolea macho ndani ya chupa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Hizo ni hadithi za redioni," alisema Mzee Hermani, akatupa kipande kinywani. Kilikuwa bado chekundu katikati. Xavery naye akanyoosha mkono achukue chake.

Getruda aliushika mkono wa kaka yake. "Nimedanganya!" alipiga kelele. "Macho nimebuni. Habari ya masikioni nimebuni. Lakini punje sikuzibuni. Baba, njoo uzione mwenyewe!"

Alichukua pande la nyama, ingawa vidole vyake vilikataa, akalichana kwa kisu mbele ya baba yake, Bura. Kilengelenge kikapasuka juu ya kiganja cha baba.

Baba aliusugua ule unyevu kwa kidole gumba. "Mafuta hayatoi maji," alisema.

Mzee Hermani alitema alichokuwa akitafuna, akasukutua kinywa mara tatu. Baba alimpigia simu bwana mifugo, naye akaja kwa pikipiki. Alichana ulimi, akachana moyo, akakuta punje zilezile, akatikisa kichwa. Nyama yote haikufaa. Ilizikwa katika shimo refu, na Mzee Hermani akaambiwa aende zahanati akapate ushauri.

"Lakini nguruwe huyu aliyapata wapi maradhi haya?" aliuliza mzee, bado akitema mate.

Safari hii Getruda hakuongeza chumvi. "Kwenye kinyesi chetu, babu. Kule nyuma ya mahindi."

Hakuna aliyecheka. Watu waligeuka kutazama shamba, kisha wakaitazama mikono yao. Mmoja baada ya mwingine wakaenda kunawa kwa sabuni.

Mama na Shangazi walirudi, wakasimuliwa yote. Mama alibandika makande kwa ajili ya wageni. Shangazi alimkalisha Getruda kando yake.

"Hadithi zina nguvu, Getruda. Zitunge kadiri upendavyo, lakini usizipitishe kama ukweli. Ulipobuni yale macho, karibu watu waile nyama mbovu kwa kutokukuamini. Ulipokiri, wakakusikiliza."

"Nisamehe, Shangazi."

"Umekwisha kujisahihisha mbele ya watu, na hiyo si kazi rahisi hata kwetu wakubwa."

Baba, aliyekuwa akisikiliza, alikwenda kuchukua jembe na sururu. "Mtoto kasema yake," aliwaambia wanaume. "Sasa na sisi tuchimbe choo, halafu tujenge banda, nguruwe mwingine asizurure. Aibu hii ni yetu, si ya nguruwe."