Msomaji Aliyechelewa Siku Tisa

Saa 2:47 asubuhi, Toyota Prado nyeusi ilisimama mkabala na lango la Maktaba Kuu. Wanaume watatu ndani. Injini haikuzimwa.

Rula aliiona kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Akagusa kifaa kilichofichwa sikioni.

"Kituo, wamefika. Watatu."

"Nyumba namba 14?"

"Hapana. Wako huku maktaba."

"Basi hawajameza chambo."

"Bado."

Wenzake walimwita Rula kwa sababu hakupenda makadirio. Kwa wiki tatu afisa huyu wa usalama alikuwa amekaa kwenye kamati ya zabuni kama mtaalamu wa kompyuta. Maktaba ilikuwa inanunua mfumo wa kuendesha shughuli zake zote: katalogi, uazimaji, kumbukumbu za wasomaji. Kampuni mbili zilibaki. Moja ilikuwa mali ya genge la magendo ya silaha.

Genge halikuwa na haja na vitabu. Lilitaka daftari la wasomaji.

Wasomaji elfu arobaini na moja, na anwani zao. Mmoja wao alikuwa karani wa zamani wa forodha. Aliyaona makontena matatu ya silaha kwa macho yake, na Jumatatu angesimama mahakamani. Genge halikujua jina alilokuwa akitumia wala alikojificha. Lilijua jambo moja tu: alikuwa akiazima hapa vitabu vya sheria ya forodha, ili ajiandae kwa kesi.

Mkataba na kampuni ya genge ungesainiwa saa nne kamili. Kumbukumbu zote zingehamishwa siku hiyohiyo.

Rula alikuwa ameweka mtego. Kila kampuni ilipewa wasomaji mia mbili kwa ajili ya majaribio; iliambiwa ni wa kweli, kumbe wote wa kubuni. Katika orodha ya kampuni ya genge, na hiyo peke yake, alimwingiza mwanamke asiyekuwepo duniani, msomaji wa sheria ya forodha, mkazi wa nyumba namba 14. Maafisa wanne wenye silaha walikuwa ndani ya nyumba hiyo siku ya tatu sasa.

Hakuna aliyebisha hodi. Na mkuu wake alishasema: bila ushahidi, hakuna amri ya kuzuia mkataba.

Mlango ulifunguliwa. Akaingia mkutubi mkuu, mama wa miaka hamsini na kitu, anayejulikana jengo zima kama Bi Kadi. Ndiye pekee hapa maktaba aliyejua siri ya mtego. Shahidi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na alilala chumba cha nyuma nyumbani kwake.

"Wamekuja?"

"Wako nje. Msomaji wetu wa kubuni hawajamwona. Sielewi kwa nini."

"Hebu nimwone." Bi Kadi alivaa miwani, akainamia skrini. Akaguna. "Baba, nani alikwambia urudishe vitabu vyake?"

"Nilitaka aonekane msomaji wa kawaida."

"Ana adabu mno huyu. Hapa kwetu kitabu kikirudi, jina la msomaji linafutwa papo hapo. Ndiyo kanuni yetu, nasi ndio tuliodai mfumo uifuate. Wanaotafuta nani kasoma forodha hawaoni kitu. Anayeonekana ni mwenye kitabu mkononi tu."

Kosa lilikuwa la Rula.

"Na mdogo wako?"

"Yule? Ana vitabu vitatu tangu mwezi jana. Nimemsema mpaka mdomo umekauka."

Saa 3:10 wajumbe walikaa. Wakala wa kampuni, suti ya kijivu, tabasamu la kukodi, aliwasha projekta.

"Mwenyekiti, nadhani tumeona yote. Tusaini?"

"Sharti la thelathini na moja," Rula alisema. "Mfumo uonyeshe wasomaji waliochelewesha vitabu. Hatujaliona."

"Ni jambo dogo, kaka."

"Basi halitachukua muda."

Mwenyekiti alitazama saa. "Muonyesheni, yaishe."

Bi Kadi alivuta kibodi. Kwenye skrini yake, vitabu vitatu vya sheria ya forodha vikarudi mikononi mwa msomaji hewa. Tarehe ya mwisho akaisogeza nyuma siku tisa. Jina likatokea ukutani kwa herufi nyekundu.

"Huyu naye!" alisema Bi Kadi. "Vitabu vya watu anavifanya mito ya kulalia."

Wajumbe wakacheka.

Rula hakucheka. Kwenye kebo ya mtandao alikuwa amechomeka kidude kidogo kama kiberiti. Taa yake iligeuka nyekundu saa 3:24. Mtu wa nje alikuwa amefungua rekodi hiyo.

Saa 3:27, kupitia dirishani, aliiona Prado ikiondoka.

"Kituo. Wanakuja," alinong'ona.

Saa 3:49 mwenyekiti alifungua kalamu. "Hatuna sababu ya kungoja saa nne."

"Nina swali," alisema Bi Kadi.

"Mama, maswali yako hayaishi!"

"Mume wa kuishi naye miaka ishirini, mwenyekiti, unamuuliza hata jina la bibi yake."

Aliuliza habari za nakala rudufu. Kisha za umeme ukikatika. Sauti haikutetereka. Chini ya meza, vidole vyake vilikuwa vimekamata pindo la gauni.

Kalamu iligusa karatasi.

"Rula, Kituo." Sauti sikioni ilikuwa ya haraka. "Wamevunja mlango wa namba 14. Bunduki mbili. Wote watatu chini ya ulinzi. Amri imetolewa."

"Mwenyekiti, weka kalamu chini."

Wakala alielewa kwanza. Mkono ukazama ndani ya mkoba.

Bastola ya Rula, Glock, ilikuwa tayari juu ya meza, imemwelekea kifuani.

"Taratibu, kaka. Mikono mitupu."

Mikono ilitoka mitupu. Maafisa wawili waliingia, wakamtia pingu. Mkobani walikuta bastola na picha ya mdogo wake Bi Kadi.

Mwenyekiti alijifuta jasho. "Sasa tununue upi?"

"Ule mwingine," alisema Bi Kadi. "Nikishaujaribu mwenyewe."

Kisha akapiga simu, mgongo kwa wajumbe.

"Mdogo wangu? Fungua mapazia. Ndiyo, yote."

Rula alichomoa kidude kwenye kebo, akakitia mfukoni. Saa 4:06 alitoka kwa mlango wa mbele, akavuka barabara.