Asichomoe Hata Waya Mmoja

Kawthar alianza kumkasirikia Zayd kabla hajamjua jina. Duka la michezo ya kompyuta la Bur Dubai lilifurika watu jioni ile, naye kwenye foleni, ndani ya abaya ya zambarau, ameshika pedi mpya ya kuchezea PlayStation, PS. Nyuma yake kijana mrefu, ndevu zimechongwa, ananukia udi, akaitazama ile pedi akaguna.

"Kumbe bado wapo watu wanaochezea PS," akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, akidhani hakuna wa kumfahamu.

"Wapo, na masikio wanayo," Kawthar alimjibu bila kugeuka.

Zayd aliona haya. Akaomba radhi kwenye foleni, akaomba tena kwenye maegesho, na walipoachana alikuwa na namba ya simu ya Kawthar. Wote wawili asili yao Unguja, wazaliwa wa Dubai. Kawthar akikaa kwa wazazi wake Al Warqa na kufanya kazi ofisini Jumeirah Lake Towers, Zayd akipanga Discovery Gardens na kompyuta yake ya gemu iliyojaa taa kama harusi.

Mapenzi yao yalikuwa ya kutaniana. Kwa kuwa baba yake Kawthar hakupenda matembezi, Kawthar alimpa Zayd PS yake ya zamani, ile aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, mwenyewe akabaki na mpya, na kila jioni walicheza pamoja, kila mtu kwao, sauti zao masikioni.

"Nimekufunga tena, mpenzi. Kalale."

"Nimekuachia tu, roho yangu."

"Niachie na kesho."

Kisha jioni moja Zayd hakuonekana mchezoni, wala ya pili yake. Kawthar akampigia.

"PS iko wapi?"

"Habibti, usikasirike. Nimeiuza. Nimeongezea kidogo nikapata kadi mpya ya picha. Ungeiona kompyuta sasa hivi inavyo..."

"Umeuza zawadi yangu?"

"Ilikuwa imezeeka! PS ukishainunua umefungwa, huwezi kuigusa. Kompyuta unaitengeneza mwenyewe, kila mwaka inazidi kuwa bora."

"Kila mwaka! Mwaka jana posa iliahirishwa kwa sababu bwana kanunua kioo kipya cha kompyuta. Juzi feni za kupozea. Leo kadi. PS yangu haijawahi kudai hata skrubu, nayo ndiyo umeiuza. Na mie nikizeeka, Zayd, utaniuza uongezee nini?"

"Sasa hayo yametoka wapi?"

"Khalas!"

Aliirusha simu kitandani. Zayd alipiga, hakupokea. Alituma maua, Kawthar akampa mlinzi wa ofisini. Kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda, na hakujua kama anaolewa na mtu wa kutulia au na mtu ambaye macho yake daima yatakuwa kwenye kipya kinachofuata.

Lakini siku ya posa ilikwishapangwa, na wazee wa Zayd wakaja na kanzu zao na halua. Shangazi Kuruthum akaingia chumbani kwa Kawthar.

"Mwanangu, wanauliza mahari. Tuseme seti ya dhahabu?"

"Nataka kompyuta yake."

"Kompyuta gani tena?"

"Ile ya gemu. Nzima, kama ilivyo leo. Asichomoe hata waya mmoja."

"Hasira hasara, mwanangu."

"Hasara keshanitia yeye. Mahari si yangu, shangazi? Basi nimeshataja."

Shangazi akatoka anasonya. Sebuleni wazee wakacheka. Hazikupita dakika nyingi simu ikalia.

"Kawthar, unanikomoa."

"Nakukomoa, ndiyo."

"Unajua nimehangaika kiasi gani na kile kitu?"

"Najua. Ndiyo maana nimekitaka."

"Na siku nikitaka kubadilisha kadi?"

"Utaniomba mie mwenye mali, nami nitakataa. Ukiona huwezi, sema sasa, kila mtu ashike njia yake."

Zayd akakata simu. Usiku ule Kawthar alilia kwa hasira, na kwa woga pia.

Asubuhi jibu likaja kupitia kwa wazee: amekubali. Lakini Kawthar hakuamini. Kurudisha kadi ya zamani na kuificha mpya ni kazi ndogo, na katika ukoo mzima hakuna mwingine ambaye angejua tofauti.

Siku ya ndoa Zayd alilibeba boksi la kompyuta mwenyewe, kanzu imelowa jasho, akalikabidhi mlangoni kwa wanawake. Baba na mashahidi walipoingia kumuuliza bibi harusi kama ameridhia, walimkuta amepiga magoti sakafuni, hina mikononi, anafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi.

"Kawthar! Kadhi anasubiri!" baba akafoka.

"Na asubiri, baba."

Akachungulia ndani. Kadi ilikuwa ile ile mpya. Feni zote zipo, kila waya mahali pake. Hata vumbi Zayd hakulifuta, kwa kuogopa kugusa kitu. Kawthar akalitazama lile vumbi mpaka machozi yakamlengalenga, wanja ukaanza kuchuruzika.

"Nimeridhia," akasema. "Na mwambieni hasira sijamaliza. Nataka PS yangu."