Nywele za Langoni

Wiki nzima Sabine huogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi husuka nywele. Na kusuka, tumpe haki yake, anakujua. Wakongo, Warundi, hata Wakenya wanaonung'unika kwamba sebule yake ni ndogo, wote huja kwake Hyattsville, Marekani, kuketi kwenye kapeti katikati ya magoti yake.

Jioni moja ya Januari 2007 alikuwa akirudi kutoka dukani na mfuko wa nywele za bandia. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alipomaliza kupanda ngazi alimkuta mwanamke amesimama mlangoni pake, kitambaa kichwani, kitenge mwilini. Hakuwa na koti.

"Bonsoir, mama. Nani amekutuma kwangu?"

"Batu ya kwenu," mwanamke alijibu polepole. "Nataka unifumue tu."

Kilikuwa Kiswahili cha Ituri, kwao Kongo, kile cha wazee kabisa, na moyo wa Sabine ukalainika. Wakimbizi wapya alishawaona wakifika na ndala katikati ya theluji. Huyu naye ni wa jana au juzi, alijiambia. Kuuliza si ujinga, lakini jioni ile hakuuliza hata jina.

Ndani, binti yake Abigail, wa miaka saba, alikuwa mbele ya televisheni, misuko yake bado mipya.

"Msalimie mgeni."

"Hi," mtoto alisema bila kugeuka.

Sabine aliketi, akamweka mgeni mbele yake, akachukua kimto chake cha sindano na kukibusu kama alivyozoea. Kilikuwa cha bibi yake mzaa mama, Adela, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Wabelgiji. Nyumbani kwao walisema tu kwamba Adela alikaa langoni, na mazungumzo yakaishia hapo. Sindano zilizochomekwa kwenye kimto kile hazikuwahi kushika kutu. Sabine aliamini ni baraka za bibi.

Alivua kitambaa cha mgeni.

Harufu ikampiga puani... tope. Tope la mto uliochimbuliwa.

Nywele zilikuwa zimelowa, baridi kama zimetoka majini sasa hivi. Alifumua msuko wa kwanza, mchanga mwekundu ukamwagika pajani. Chini yake kulikuwa na msuko mwingine. Akaufumua. Chini yake, mwingine. Vidole vyake vilianza kufa ganzi, na akauliza swali ili tu asikie sauti ya mtu.

"Kule nyumbani ulifanya kazi gani, mama?"

"Machimbo ya muzungu. Banaume balishuka shimoni. Siye bamama tulitwanga mawe, tukaosha muchanga mutoni. Bengine balipika pombe. Na moja alikaa langoni."

"Kufanya nini?"

"Kupekua nywele yetu kila jioni, tukitoka. Vidole yake ilikuwa na macho. Akikuta vumbi ya zahabu, anakunyoa. Kisha polisi anakupeleka." Sauti ilishuka hadi kuwa mnong'ono. "Mimi sikurudi."

Mikono ya Sabine ilisimama. Wabelgiji waliondoka kabla hata yeye hajazaliwa. Mtu aliyeosha mchanga enzi za bibi Adela angekuwa kikongwe leo, naye alishaogesha vikongwe vya kutosha kujua ngozi zao.

Shingo iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya msichana.

"Ngoja nilete mfuko," alisema, akainuka. Hiyo ilikuwa desturi yake, na ndiyo iliyomletea wateja: nywele za mtu haziachwi. Zikichanuliwa au kukatika, huokotwa zote akapewa mwenyewe, maana haijulikani nani atazichukua akazifanyia nini. Alikwenda jikoni, akashika mfuko wa plastiki, akamwomba Mungu kimoyomoyo. Aliporudi sebuleni alikwama mlangoni.

Mgeni alikuwa ameketi kwenye kochi. Abigail alikuwa katikati ya magoti yake, macho kwenye katuni. Vidole vilianzia kisogoni mwa mtoto vikipanda taratibu, vikipekua.

Msuko mmoja ukaanguka kapetini.

Hapakuwa na mkasi.

Wa pili ukaanguka.

"Mwache mtoto wangu," Sabine alinong'ona. "Nakuomba."

"Nywele ya mutu haiachwi. Weye wajua. Nipe yangu."

Sabine alipiga magoti, akakusanya kila unywele uliokuwa kapetini, akanyoosha mfuko.

"Hizi ni za leo," mgeni alisema. Kisha akakitazama kimto.

Msuko wa tatu ukaanguka.

Sabine alikinyakua kimto, akakipasua mshono. Humo hamkuwa na pamba. Zilikuwa nywele, zimeshindiliwa, bado zina mafuta yaliyozuia kutu miaka yote. Kitu alichokuwa akikibusu! Na katikati ya nywele zile vumbi la njano lilimetameta. Nani hasa alikuwa mwizi pale langoni, Sabine hakutaka kujua.

Mgeni alimwacha mtoto. Alichambua nywele kwa ncha za vidole, akatoa fungu moja dogo, akalifunga kwenye kitambaa chake chenye maji. Dhahabu hakuigusa.

"Na hizi zingine?" Sabine aliuliza. Rundo bado lilikuwa kubwa: ngumu, za mvi, nyingine laini kama za mtoto.

"Si yangu. Benyewe bako njiani."

Akatoka. Ngazi hazikulia.

Jumapili mchungaji alimwombea Abigail, na misuko haikuanguka tena. Watu walisema ni ugonjwa wa ngozi, Sabine akawaitikia. Nywele zile hakuthubutu kuzitupa. Alizitia kwenye kopo la biskuti, akaliweka juu ya kabati, na usingizi wake ukaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata alifuta wateja wote. Giza lilipoanza kuingia alifunga mlango kwa komeo na mnyororo, akazima taa, akamkumbatia binti yake kwenye kochi. Mara hii sifungui, alijiapiza.

Hodi ikapigwa. Taratibu... kwa vidole vilivyolowa.

Hakujibu. Harufu ya tope ilipita chini ya mlango, ikajaa sebule.

"Mom?" Abigail alinong'ona. "My hair."

Mtoto alinyoosha kiganja gizani. Sabine akapapasa, akakuta msuko, na juu yake mwingine.

Akainuka. Alishusha kopo, akawasha taa, akatandaza taulo kapetini, kisha akaondoa mnyororo na kufungua mlango. Kuanzia kizingitini hadi chini kabisa ya ngazi walisimama wanawake, vitambaa vyao vikidondosha maji.

"Karibuni, bamama," Sabine alisema, machozi yakimtoka. "Mmoja mmoja."