Gari la Baba Lilipobadilishwa Sauti

"Leo linaondoka! Nasema leo hili kopo linaondoka, na kama haliwezi kutembea litabebwa!"

Mama Mapacha alikuwa amesimama katikati ya ua, shuka jeupe mikononi, doa la oili limekaa katikati ya shuka kama jicho linalokutazama. Mshonaji akatoka chumbani kwake, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama Mapacha, shuka ulilianika wapi?"

"Kwenye kamba, nianike wapi kwingine? Upepo umeliangusha chini. Na chini kuna nini? Oili ya gari lenu!"

"Langu."

"Lenu! Hamjaachana ninyi, mmesusiana tu. Tena mnasusiana kama watoto walionyang'anyana mpira."

"Dada yangu, gari haliwaki. Nilisukume peke yangu hadi wapi?"

"Mwite mwenye kuliwasha."

"Simwiti mtu."

"Haya. Mwaka wa tatu wimbo huohuo, na mimi nafua mara mbili mbili."

Mama Mapacha akachomoa simu kifuani, akabonyeza, akaweka spika ili ua mzima ufaidi.

"Haloo, Mama Mapacha, habari za nyumbani?"

Sauti ile ya mumewe. Mshonaji akageukia mlango kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

"Habari mbaya. Gari lenu linanitapikia. Njoo ulitazame."

"Yeye anajua unanipigia?"

"Yuko hapa, amenuna."

"Basi mwambie..."

"Mwambie mwenyewe, mimi si posta." Akakata, akaingia ndani akitembea kama aliyeshinda kesi.

Hazikupita dakika tano, simu ikatetemeka juu ya meza ya cherehani. Neno moja tu: "Nije?"

Mshonaji akaandika mistari sita, akaifuta. Akaandika miwili mikali, akaifuta nayo. Mwisho akatuma: "Njoo na betri."

Kigari chenyewe kilikuwa cha baba yake, mpima ardhi mstaafu. Kidogo, cha kizamani, tangu kitoke Ulaya hata Mzee hakukumbuka kimepita mikono mingapi. Mgongo wa mviringo, injini nyuma. Kila jioni kilikuwa kikiingia mtaani tuku-tuku-tuku, na mama yake angesema, "Haya, mwenye nyumba huyo," kabla hata taa zake hazijaonekana. Mshonaji alikua akiijua ile sauti kuliko nyimbo zote za redioni.

Na ni gari hilo hilo lililomletea mume. Mtaani walimwita Fundi Sikio, maana alikuwa akifumba macho, anasikiliza injini, kisha anakwambia ugonjwa kabla hajagusa spana. Kuirekebisha kabureta yake, kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, kulitaka watu wawili: mmoja nyuma na bisibisi, mwingine mbele mguu kwenye pedeli ya mafuta. Hawaonani. Wanaitana tu. Mzee magoti yalikuwa yanamsumbua, akawa anamtuma binti yake akanyage.

"Kanyaga kidogo!"

"Hapa?"

"Ongeza! Shikilia hapo hapo!"

Jumamosi baada ya Jumamosi. Gari likawa na magonjwa yasiyoisha, Mzee akawa anacheka peke yake kibarazani. Na siku moja sauti ya nyuma ikasema, "Shikilia... usiachie... nataka nikuoe!"

Mguu ukazama hadi sakafuni. Injini ikanguruma, moshi mweusi ukapanda. Aliposhuka alimkuta bwana yule amejaa masizi, meno tu ndiyo yanaonekana.

"Rudia, sikusikia."

"Ulisikia. Umekanyaga."

Walicheka hadi Mama Mapacha akachungulia dirishani kuuliza nani kapasukiwa na tairi.

Kisha Mzee akafariki. Mwezi mmoja baada ya mazishi, mshonaji alikwenda kwa shangazi yake siku tatu. Siku aliyorudi alikuwa dirishani, jua linashuka, akasubiri tuku-tuku ya mumewe akirudi na gari. Ukaja mngurumo mwingine, mzito, wa kijana anayejionyesha barabarani. Akatoka kutazama ni mgeni wa nani. Lilikuwa gari la baba. Kabureta mpya kubwa, ekzosi mpya, bomba la moshi, inang'aa kama meno ya bandia.

"Umefanya nini?"

"Nimeliongezea nguvu."

"Nani kakutuma? Kitu kimoja tu kilikuwa kimenibakia cha baba, sauti yake akirudi nyumbani, na wewe umeikata kwa msumeno!"

Alilia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Mumewe hakujitetea. Alichukua sanduku lake la spana, akahamia gereji. Kutojitetea huko ndiko kulikomchoma zaidi. Hata neno?

Alasiri ya siku ile ya shuka, Fundi Sikio alifika na betri begani, dumu la petroli mkononi na gunia limefungwa kamba. Mvi mbili tatu zimemwota. Ovaroli imefuliwa, jambo ambalo Mama Mapacha alilitangaza mara moja.

"Habari ya siku nyingi," akasema.

"Nzuri. Liko pale pale."

"Nimeliona."

Akaingia uvunguni, akabadilisha sili iliyokuwa ikivujisha oili, akamwaga petroli iliyooza, akasafisha plagi, akafunga betri. Kisha akasimama nyuma na bisibisi, akatazama huku na huku.

"Nahitaji mtu wa kukanyaga."

"Mimi nipo!" Mama Mapacha akajitosa kwenye kiti, gari likainama upande. "Nikanyage?"

"Kanyaga!"

"Mbona kimya?"

"Hiyo breki, mama!"

"Na hii?"

"Hiyo klachi!"

"Sasa miguu miwili, vyuma vitatu, aliyelitengeneza alikuwa na mguu wa akiba?" Akashuka akifuta jasho. "Mdogo wangu, njoo ukae. Mimi nimezoea vitu vyenye kifungo."

Mshonaji akakaa. Kiti kilikuwa kimebonyea vile vile. Akazungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika.

"Kanyaga kidogo!" sauti ya nyuma ikaita.

"Hapa?"

"Ongeza... shikilia!"

Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mbele, hakuna cha kutazama ila ukuta na kamba ya nguo. Labda kwa kuwa hamwoni usoni, swali la miaka mitatu likatoka lenyewe.

"Kwa nini ulilibadilisha?" akapiga kelele kuushinda mngurumo.

"Nini?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Zima kwanza."

Akazima. Fundi hakuja mbele. Alibaki kule kule nyuma ya mfuniko wa injini.

"Kile kilima cha hospitali," akasema. "Unakumbuka lilipotuzimikia?"

Angesahauje? Mzee kiti cha nyuma, anakoroma vibaya, gari limekufa katikati ya mwinuko, watu wawili wanasukuma. Walifika juu, na Mzee alikuwa amekwisha kuondoka.

"Nakumbuka."

"Ile kabureta nilijua imechoka. Niliisikia tangu wiki iliyotangulia. Nikasema nitaishughulikia Jumamosi." Sauti ikakatika, ikarudi. "Fundi Sikio. Nilisikia, na sikufanya kitu. Baada ya mazishi sikuweza kuigusa. Nikaona bora niweke kitu ambacho hakitashindwa na kilima chochote duniani. Ulipolia vile nikasema, huyu keshajua kosa langu. Nikaondoka kabla hujanitamkia."

Mshonaji alishika usukani kwa mikono miwili. Hasira ilipanda, ikakuta huruma imeshakaa.

"Daktari alinivuta pembeni siku ile," akasema polepole. "Alisema mshipa wa kichwani ulipasuka baba akiwa bado kitandani nyumbani. Hata tungeruka na ndege tusingemuwahi."

"Hukuniambia."

"Sikujua una mzigo! Ningekuambiaje jibu la swali ambalo hukuuliza? Miaka mitatu, mume wangu! Unalala gerejini na maiti ya baba yangu mgongoni, wala haikuwa yako kuibeba!"

Nyuma kukasikika bisibisi ikianguka chini. Na nyuma ya mashuka, Mama Mapacha akipenga kamasi bila aibu.

Mshonaji akashuka, akazunguka. Fundi alikuwa amechuchumaa, uso kwenye kiwiko, mabega yanatikisika. Hakumgusa. Alichuchumaa naye tu, hadi akatulia.

"Gunia lina nini?" akamuuliza.

Akafungua kamba. Kabureta ya zamani na ekzosi ya zamani, zimepakwa grisi zisipate kutu, zimefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Nilitaka kuzirudisha. Sikupata mlango wa kuingilia."

Mshonaji akazitazama. "Ekzosi rudisha. Kabureta acha hiyo mpya. Na mimi nina vilima vyangu."

Jua lilikuwa limeegemea paa fundi alipokaza nati ya mwisho. Mshonaji akawasha mwenyewe. Tuku-tuku... tuku-tuku... Akafumba macho. Haikuwa yenyewe hasa. Ilikuwa nzito kidogo, kama Mzee mwenye mafua. Lakini jirani wa tatu, mzee asiyeona vizuri, akatoa kichwa dirishani: "He! Mpima ardhi karudi?"

Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Kisha fundi akaanza kukusanya spana zake moja moja, taratibu mno, kama mtu anayetafuta spana isiyokuwepo.

"Basi," akasema. "Likisumbua utanipigia."

"Nawa mikono. Chakula kiko mezani."

Akaitazama ovaroli yake, imejaa grisi tena. "Niletee hapa hapa nje basi. Nitachafua viti."

"Fundi ndiye hupelekewa sahani nje," mshonaji akasema, akiusukuma mlango hadi mwisho. "Wewe ingia ndani."