Pambano la Jabali Darajani

Haruna alikutwa kalala chali pembeni ya meza yake ya kuchorea, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Damu ilikuwa imeganda sakafuni chini ya kisogo. Huko barabarani wabeba mizigo walikuwa wanapiga kelele "Pisha! Pisha!" kama Jumapili zote. Hawakujua juu yao kuna maiti.

Inspekta Hyasinta alichuchumaa. Kona ya meza ilikuwa na damu na nywele. Mlango haukuvunjwa. Simu ipo. Kishikwambi cha kuchorea kipo mezani.

"Siyo mwizi," alisema.

"Muuaji tunaye, afande," Koplo Safari akajibu. "Kajitaja mwenyewe."

Akampa simu ya marehemu. Haruna alikuwa anachora katuni ya mtandaoni inaitwa Himaya ya Chumvi, mambo ya wafalme na majini, na kila Ijumaa alitoa kipande kipya. Mashabiki walikuwa wanasubiri kitu kimoja tu: Jabali na Shubiri wakutane juu ya daraja. Kundi lao la WhatsApp lilikuwa linawaka. Jabali anashinda kwa panga. Wapi, Shubiri anamchoma moto. Katikati ya kelele hizo Mudi, muuza kava za simu, kaandika: "Haruna, ukimuua Jabali na wewe nakuzika."

Mudi alibebwa siku hiyohiyo.

"Hii umeandika wewe?" Hyasinta alimuuliza kituoni.

"Mimi, afande. Lakini ule utani! Mle ndani watu wanauana kila siku. Kuna mmoja kaapa atakula ndala zake Jabali akipigwa."

"Jumamosi mchana, Haruna alipouawa, ulikuwa wapi?"

"Natembeza kava."

"Nani alikuona?"

"Kariakoo nzima." Mudi akatazama chini. "Yaani hakuna mtu."

Akaanza kulia, bila sauti. Alikuwa anajua, kila mtu mtaani anajua: kesi ya mauaji haina dhamana. Jumanne asubuhi anapandishwa kizimbani. Akishasomewa shtaka anaenda gerezani, na huko watu wanasubiri upelelezi ukamilike mpaka mvi zinaota. Mkuu wa kituo alikuwa ameridhika. Hyasinta hakuridhika.

Jumatatu wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi walipiga simu. Kwenye kioo cha kishikwambi kuna alama za vidole. Nyingi za Haruna. Nyingine siyo zake, na siyo za Mudi.

"Ziko wapi hasa?"

"Sehemu moja tu, afande. Kwenye uso wa Jabali. Kama mtu alikuwa anampapasa."

Walimletea kishikwambi. Ukurasa uliokuwa umefunguliwa ulikuwa wa pambano. Panga limevunjika. Shubiri kasimama darajani. Jabali yuko chini, kwenye maji, mkono mmoja tu umebaki juu. Haruna alikuwa hajamtumia mtu yeyote.

Basi kuna shabiki mmoja aliyekuwa anajua pambano limeishaje.

Jioni Hyasinta alivaa kiraia, akaenda kwenye kijiwe cha kahawa jirani na Mnazi Mmoja. Mashabiki wa Haruna walikuwa wanabishania pale kila jioni. Leo walikuwa wamekaa tu. Aliyempisha kwenye benchi ni Brightness, msusi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu. Upande wa Jabali alikuwa nani?"

"Wengi. Ila kinara wao Mbaruku, yule wa vitenge. Huyo humwambii kitu! Ukisema Jabali anapigwa, anakususia hata salamu."

"Mara ya mwisho alisema nini?"

"Jumamosi jioni tulikuwa hapahapa, hatuna habari kama Haruna kafa. Tunabishana, tumechachamaa. Mbaruku akasema, 'Basi, Shubiri anashinda.' Tulimcheka! Tukamwambia umelogwa. Akaamka akaondoka, kahawa kaiacha."

Hyasinta aliweka kikombe chini. Kazaliwa Moshi, lakini Kariakoo kaishi vya kutosha. Hapa timu ikifungwa tano mtu anakwambia refa kahongwa. Mtu atabadilisha mke, atabadilisha dini, kushindwa hakubali hata baada ya mechi. Sasa huyu kakubali kabla haijachezwa?

Labda awe ameshaiona.

Mbaruku hakukimbia. Walimkuta dukani anakunja vitenge, akamaliza kukunja kile alichokishika, akawafuata. Alama za vidole vyake zililingana na za kwenye kioo.

"Hulazimiki kusema neno," Hyasinta alimwambia. "Ukisema, linaandikwa."

"Andika tu."

"Ulienda kwake kufanya nini?"

"Kumuona. Ni rafiki yangu tangu utoto. Akaniambia, kaa, nikuonyeshe kitu."

"Ukaona Jabali kashindwa."

"Kushindwa siyo tatizo, afande." Mbaruku aliinua macho. "Yule siyo Jabali. Yule ni Swedi, mdogo wangu. Haruna alimchora yeye. Jino lile lile lililokatika, kovu lile lile. Swedi alichukuliwa na maji kule bonde la Jangwani, mafuriko yale. Mwili hatukuupata mpaka leo. Mama yangu hasomi, lakini kila Ijumaa anasema, Mbaruku, nionyeshe mwanangu. Anamuona anatembea. Anamuona anapigana."

"Ukamwambia Haruna?"

"Nilimwambia, mkate kwa panga. Mchome moto. Fanya unavyotaka. Usimzamishe! Akasema, subiri, hujaelewa. Nikamwambia, nielewe nini? Nikamsukuma. Mara moja tu. Akapiga kichwa mezani." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilimwita. Hakuitika. Nikaogopa, nikatoka."

"Na Mudi ulimwacha aozee ndani."

"Nilimwacha," alisema. "Kila saa nilikuwa nasema nakuja. Sikuja."

Hyasinta alimwambia Safari akamtoe Mudi. Halafu akavaa glavu, akaweka kishikwambi mezani.

"Baada ya ukurasa ule uliendelea mbele?"

"Mbele kuna nini?"

Akausogeza ukurasa kwa kidole.

Maji yametulia. Watu wanamtoa Jabali mtoni, wamemshika kama mtoto. Picha ya chini yake wanamvika sanda. Kisha jeneza linatoka, mabega mengi yamelibeba, na mlangoni mama mmoja kasimama anamsindikiza mwanawe kwa macho. Picha ya mwisho ilikuwa kaburi. Haruna alikuwa ameandika jina. Siyo Jabali. Swedi.

Mbaruku alitazama mpaka Hyasinta akadhani hapumui.

"Alikuwa anamzika," alisema. "Alikuwa anatuzikia."

Akamgeukia Hyasinta.

"Afande, nakuomba kitu kimoja. Mama aione hiyo. Mpelekeeni aione."

Hyasinta alizima kioo, akakirudisha kishikwambi kwenye mfuko wa plastiki, akabandika lakiri.

"Hiki ni kielelezo," alisema. "Hakitoki hapa mpaka kesi yako iishe."